Kompyuta ya baiskeli: Pima kwanza, nunua baadaye

HASARA nyingi katika biashara ndogo hazitokani na bei ya soko, bali na uamuzi unaotolewa kabla ya kupima. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta ya baiskeli, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani ili kuonyesha mwendo, umbali na muda wa safari. Kinaponyamaza, mwenyewe huambiwa kimekufa, hukitupa na kutafuta kingine, wakati mara nyingi kilichokufa ni betri ya ukubwa wa kifungo cha shati, au ni waya uliokatika mahali pamoja tu.

Katika jiji lenye maduka ya vipuri kila mtaa, kosa hilo humgharimu mtu shilingi chache na nusu siku. Sitalike hali ni nyingine. Kijiji hicho kiko mkoani Katavi, kilomita zipatazo 35 kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya Mto Katuma, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Njia ya reli inayotoka Kaliua inaishia Mpanda, na kutoka hapo kila kitu husafiri kwa barabara. Kipuri kilichoagizwa Dar es Salaam hufika kikiwa kimeongezewa gharama kila kilikoteremshwa na kupakiwa tena. Kwa hiyo mwenye baiskeli wa Sitalike anayetupa kifaa kizima hulipa bei ya kifaa kipya, hulipa usafiri wake, na hulipa pia siku alizokaa bila kujua amekwenda kilomita ngapi.

Kompyuta hizi humfikia fundi wa kijijini kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani, ambazo baadhi huteremshwa bandarini zikiwa na kifaa hicho usukanini, au zikiwa na waya na sumaku bila kifaa chenyewe. Ya pili ni vifaa vipya vya bei nafuu kutoka China vinavyouzwa pamoja na taa na kengele. Ya tatu ni wasafiri wa masafa marefu wanaopita magharibi mwa Tanzania kwa baiskeli. Kwa njia yoyote kilichokuja nayo, kikiharibika anayetazamiwa kukitengeneza ni fundi yule yule anayeziba pancha chini ya mwembe.

Umbali ni fedha

Kuna wanaoona kuwa kompyuta ya baiskeli ni pambo la wanamichezo. Mawazo hayo ni sahihi kwa baiskeli ya starehe. Baiskeli ya kazi ni jambo jingine. Katika Afrika Mashariki baiskeli ilianza kulipisha nauli zamani: neno bodaboda lenyewe lilitokana na waendesha baiskeli waliovusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo. Shinyanga nako baiskeli za abiria zilipata jina la daladala. Katika vijiji vya Katavi baiskeli hubeba mahindi, mpunga, mkaa, madumu ya maji na watu, na kila mzigo una bei inayotegemea umbali.

Chukua mfano wa mbebaji aliyekubaliana na mwenye mahindi kulipwa shilingi 100 kwa kilomita. Kiwango hicho ni cha mfano tu, lakini hesabu ni ya kweli. Safari ni ya kilomita 35. Baiskeli ni ile nyeusi ya ringi kubwa ya inchi 28 inayojulikana na kila mtu, lakini kompyuta yake imeachwa na kipimo cha kiwandani cha baiskeli ya mashindano, milimita 2,096 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gurudumu lake halisi huzunguka karibu milimita 2,245. Kifaa kitasoma kilomita 32.7. Kilomita 2.3 zimeyeyuka. Akienda safari 20 kwa mwezi, atakuwa amebeba mzigo kilomita 46 bila malipo, sawa na shilingi 4,600 kwa kiwango hicho cha mfano.

Kinyume chake pia kipo. Baiskeli ya ringi ya inchi 26 yenye tairi ambalo mzunguko wake ni milimita 2,050, ikiwekewa kipimo cha 2,245, itasoma kilomita 38.3 kwa safari ile ile ya 35. Hapo anayeumia ni mwenye mzigo, na ugomvi utakaozuka hautamalizwa kwa maneno, kwa kuwa kila mmoja atakuwa anaamini namba aliyonayo.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwa shilingi. Barabara inayoendelea kusini kutoka Sitalike kwenda Kibaoni hupita ndani ya hifadhi, penye tembo, simba, nyati na viboko. Msafiri anayetaka kujua kama atafika kabla ya giza anahitaji kujua amebakiza kilomita ngapi. Kifaa kinachodanganya hapo ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa.

Kinavyofanya kazi

Wazo la kuhesabu mizunguko ya gurudumu si jipya. Mwaka 1895 Curtis Veeder wa Hartford, Marekani, alianza kuuza kihesabio cha chuma kilichofungwa karibu na kitovu cha gurudumu, ambapo pini iliyokuwa kwenye spoku iligonga kigurudumu chenye meno kila mzunguko ulipokamilika. Kompyuta ya leo imeondoa pini na kuweka sumaku.

Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku ya gurudumu la mbele. Kwenye foki, mkabala na njia ya sumaku hiyo, hufungwa sensa. Ndani ya sensa za kawaida mna kichupa cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma visivyogusana. Swichi ya namna hiyo ilibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood wa maabara za simu za Bell, Marekani. Sumaku inapopita karibu, vipande hugusana kwa nukta moja na kuachana. Kila mguso ni mzunguko mmoja. Kompyuta huhesabu migusano, huzidisha kwa urefu wa mzunguko wa gurudumu iliyoambiwa, na kutoa umbali. Mwendo hupatikana kwa kugawanya umbali huo kwa muda.

Tofauti ya kompyuta yenye waya na isiyo na waya iko mahali pamoja tu: namna habari ya mguso inavyosafiri kutoka kwenye foki hadi usukanini. Yenye waya hutumia waya wa nyuzi mbili. Isiyo na waya hutumia redio ndogo iliyo ndani ya sensa, na redio hiyo ina betri yake. Anayeelewa hilo ameelewa nusu ya utafutaji wa ubaya, kwa sababu kifaa chenye waya kina betri moja ya kushuku na kisicho na waya kina mbili.

Hatua ya kwanza: Betri

Kioo kikiwa cheupe kabisa, au namba zikiwa hafifu, zinakatika katika au zimechanganyikana, cha kwanza ni betri. Betri inayotumika sana ni CR2032. Namba hizo si urembo: 20 ni kipenyo cha milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Vifaa vingine vidogo hutumia LR44 ya volti 1.5. Hizo mbili hazibadilishani.

Fundi mwenye testa aipime betri kabla ya kuihukumu. CR2032 mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.8 iwekwe kwenye kundi la kushukiwa, hata kama kioo bado kinawaka, kwani betri dhaifu huweza kuonyesha saa lakini ikashindwa kazi nyingine. Betri mpya ya dukani nayo ipimwe. Betri iliyokaa rafuni miaka mingi, au ya bandia, haina tofauti kubwa na iliyokufa, na mteja akiondoka nayo atarudi kulalamika kwamba kifaa ndicho kibovu.

Kabla ya kutoa betri ya zamani, jumla ya kilomita iandikwe kwenye karatasi pamoja na kipimo cha gurudumu. Aina nyingi husahau kila kitu betri inapotoka, na baadhi huruhusu jumla ya zamani kuingizwa upya. Baada ya betri kuwekwa, vidole vya chuma vinavyoigusa vifutwe kwa kitambaa kikavu. Vikiwa na kutu ya kijani visuguliwe kwa msasa laini, kisha vinyanyuliwe kidogo ili vibane. Kifaa kikionyesha namba zisizoeleweka baada ya hapo, kitufe cha kufuta kumbukumbu, ambacho mara nyingi kiko nyuma na kimeandikwa AC, kibonyezwe kwa ncha ya kalamu.

Jambo moja halina mjadala. Betri iliyotolewa isiachwe kwenye meza ya fundi wala kutupwa uani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huweza kumchoma vibaya kwa muda wa saa mbili tu, hata ikiwa imeonekana imekwisha. Anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Hatua ya pili: Sumaku na sensa

Kioo kikiwa kizuri lakini mwendo ukabaki sifuri, macho yateremke kwenye gurudumu. Sumaku hulegea, hasa baiskeli inapopita kwenye makorongo ikiwa na gunia, na huteleza juu au chini ya spoku. Foki hugongwa na sensa ikazunguka upande. Hapo hakuna kilichoharibika, vimepishana tu.

Gurudumu lizungushwe polepole hadi sumaku ifike mbele ya sensa. Sensa nyingi zina mstari au alama inayoonyesha mahali sumaku inapotakiwa kupita. Nafasi kati yao kwa kawaida isizidi milimita 5, karibu unene wa penseli nyembamba. Ikiwa kubwa zaidi, sensa isogezwe ndani kwa kuweka kipande cha mpira wa tyubu chini yake. Ikiwa ndogo mno zitagongana, na gurudumu lenye ringi iliyopinda litaivunja sensa siku ya kwanza.

Kifaa kikisoma mara mbili ya kawaida, spoku zihesabiwe sumaku. Baiskeli za mtumba hufika wakati mwingine na sumaku ya zamani ambayo haikuondolewa, na fundi akiongeza ya pili kila mzunguko huhesabiwa mara mbili.

Hatua ya tatu: Waya

Kwa kompyuta yenye waya, kuna jaribio linalomaliza ubishi kwa dakika moja bila chombo chochote cha bei. Kifaa kitolewe kwenye kikalio chake. Chini yake kuna vituo viwili vya chuma. Kipande cha waya kiguswe kwenye vituo vyote viwili kwa pamoja na kuachiwa, mara nyingi mfululizo na kwa haraka. Kioo kikionyesha mwendo, kifaa ni kizima. Ubaya uko kwenye kikalio, waya au sensa, na kununua kompyuta nyingine si lazima.

Kisha vituo vya kikalio vifutwe vumbi na unyevu. Vumbi la kiangazi likichanganyika na jasho au mvua huweka tabaka linalozuia umeme mdogo kama huu. Kikikauka, kipakwe grisi kidogo sana ili maji yasiingie tena.

Kama bado, testa iwekwe kwenye vituo viwili vya kikalio, ikiwa kwenye alama ya kupima kama njia ya umeme imekamilika, na sumaku ipitishwe mbele ya sensa. Sensa nzima itaruhusu umeme sumaku inapokaribia na kuukata inapoondoka. Testa ikinyamaza daima, waya umekatika au swichi imepasuka. Testa ikilia daima, nyuzi mbili za ndani zimegusana.

Waya hukatika sana mahali pawili. Pa kwanza ni pale unapopinda kila usukani unapogeuzwa. Fundi aliyeufunga kwa kuubana sana bila kuacha ulegevu ndiye aliyeukata. Pa pili ni kwenye foki, unapolegea na kusuguliwa na tairi, au unapokwaruzwa na kamba za mzigo. Waya huu hauna siri. Fundi redio yeyote anaweza kuukata palipoharibika, kuunganisha nyuzi kwa lehemu na kufunga kila uzi peke yake kwa tepu ya umeme. Ukiwa umechakaa wote, waya mwembamba wowote wa nyuzi mbili utafanya kazi hiyo, kwani umeme unaopita ni mdogo mno. Swichi ya sumaku ikiwa ndiyo iliyopasuka, nayo ni kipuri kidogo ambacho fundi redio anakifahamu.

Hatua ya nne: Redio

Kompyuta isiyo na waya huondoa tatizo la waya na kuleta matatizo matatu mengine.

La kwanza ni betri ya pili. Mteja hubadilisha betri ya usukanini na kusahau ya kwenye foki. Dalili yake ni mwendo unaoonekana na kupotea, au unaopatikana tu baiskeli inapokwenda polepole. Betri zote mbili zipimwe kwa pamoja. Kifuniko cha betri ya sensa kichunguzwe pia, kwa kuwa mpira wake wa kuzuia maji ukipotea, mvua moja ya masika inatosha kuitia kutu.

La pili ni umbali na uelekeo. Aina za bei nafuu hutumia redio dhaifu inayofika sentimita 60 hadi 70 tu. Kwenye baiskeli ndefu ya ringi 28, sensa iliyofungwa chini kabisa karibu na ekseli huweza kuwa nje ya eneo hilo. Dawa yake haina gharama: sensa ipandishwe juu kwenye foki, sumaku ifuate kwenye spoku, na uso wa sensa uelekee usukanini.

La tatu ni mwingiliano. Redio hizo dhaifu husumbuliwa na nyaya za umeme, taa za baiskeli zenye saketi duni, simu iliyofungwa karibu nayo, na mfumo wa moto wa pikipiki inayosimama jirani. Baiskeli iliyosimama ikisoma kilomita 60 kwa saa, kifaa hakijaharibika, kinasikia kelele. Isogezwe mbali, simu na taa viondolewe usukanini kimoja kimoja, na mhusika atajulikana.

Aina mpya zinazotumia redio ya kidijitali ya gigahezi 2.4 husumbuliwa kidogo zaidi, kwa sababu kila sensa ina namba yake na kompyuta husikiliza namba hiyo pekee. Gharama yake ni kwamba lazima vitambulishane. Baadhi husahauliana baada ya kubadilisha betri, na mtu huona sifuri kana kwamba kila kitu kimekufa. Zoezi la kutambulishana lifanywe upya kwa kufuata vitufe vya aina husika, mbali na baiskeli nyingine yenye kifaa kama hicho.

Zile zinazotumia setilaiti hazihitaji sumaku kabisa. Lalamiko la kawaida ni kwamba hazisomi mwanzoni mwa safari. Ziwashwe nje, penye uwazi wa anga, na baiskeli isimame dakika chache kabla ya kuondoka. Hizo huchajiwa, hivyo mwenye safari ya siku nyingi ahesabu pia wapi atapata umeme.

Namba zikiwa za uongo

Kifaa kinachofanya kazi lakini kinasema uongo ndicho chenye hasara kubwa, kwa kuwa hakuna anayekipeleka kwa fundi. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni maili. Kifaa kilichotoka Uingereza au Marekani huweza kuwa kimewekwa kwenye maili. Safari ya kilomita 35 kitaisoma 21.7. Mwenye baiskeli ya mtumba anayeona namba ya namna hiyo kutoka Sitalike hadi Mpanda asitafute fundi, atafute alama ya km kwenye kioo.

Ya pili ni kipimo cha gurudumu. Ubavuni mwa tairi la inchi 28 lililozoeleka mara nyingi huwa na maandishi 40-635. Namba 635 ni kipenyo cha ringi, pale tairi linapokaa, kwa milimita. 40 ni unene wa tairi. Hesabu ni 635 jumlisha 40 mara mbili, yaani 715, kisha kuzidisha kwa 3.14. Jibu ni milimita 2,245.

Njia bora zaidi haihitaji maandishi yoyote. Tairi lijazwe upepo wa kawaida. Mstari wa chaki uchorwe kwenye tairi na kuendelea hadi chini. Mwendeshaji apande pamoja na mzigo wake wa kila siku, kwa kuwa uzito hubonyeza tairi na kupunguza mzunguko. Baiskeli isukumwe moja kwa moja hadi gurudumu la mbele lizunguke mara tano, alama ya pili iwekwe chini, na umbali wote ugawanywe kwa tano. Futi ya fundi cherehani au ya fundi seremala inatosha. Namba hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye kompyuta. Zinazotaka sentimita zipewe 224 au 225 badala ya 2,245.

Ipi inafaa kununuliwa

Kwa baiskeli ya mzigo inayofanya kazi mbali na maduka, yenye waya ndiyo yenye gharama ndogo ya kuitunza. Ina betri moja, haisikii kelele za redio, na sehemu yake inayoharibika sana hutengenezwa kwa vifaa vilivyopo kijijini. Udhaifu wake ni waya wenyewe, na huo hulindwa kwa kuuzungusha kwenye foki, kuubana kwa vibanio vya plastiki na kuuachia ulegevu kwenye usukani.

Isiyo na waya inamfaa anayefungua gurudumu mara kwa mara, anayepakia baiskeli juu ya basi, au anayehamisha kifaa kutoka baiskeli moja hadi nyingine. Anunue akijua kwamba anaweka bajeti ya betri mbili. Katika aina zote, kioo kisiachwe juani saa sita. Joto kali hukifanya kuwa cheusi. Kikipoa mara nyingi hurudi, lakini si kila mara.

Nafasi kwa mafundi

Kwa fundi na mwenye duka, somo la kibiashara ni jepesi. Mtaji unaohitajika ni testa moja ya bei nafuu, betri chache za CR2032 na LR44 zilizopimwa kabla ya kuwekwa rafuni, sumaku kadhaa za spoku, mita chache za waya wa nyuzi mbili, msasa na tepu. Bidhaa hizo hazichukui nafasi na nyingi haziozi. Betri pekee ndizo za kuagiza kidogo kidogo, ili zisizeekee dukani.

Aidha, fundi atoze ada ya kupima, hata ikiwa ndogo, na aitaje kabla ya kuanza. Anayelipwa tu anapouza kifaa kipya ana sababu ya kusema cha zamani kimekufa. Anayelipwa kwa kupima ana sababu ya kusema kweli, na mteja aliyetengenezewa waya leo ndiye atakayerudi kesho kununua tairi, mnyororo na breki.

Kwa mwenye baiskeli, mfuatano ni huo huo kila siku: betri, sumaku, waya au redio, kisha kipimo. Asiruke hatua, na asilipie kifaa kipya kabla hatua ya nne haijapita. Msimu wa mavuno unapoanza na magunia kupanda kwenye keria, siku ya kupima gurudumu ni ile ya kabla ya mzigo wa kwanza, wala si ile ya kugombania malipo.